Kinyongo na Utani

Katika mambo yote yawezayo kuharibu urafiki, ugomvi si wa kwanza. Ugomvi una kelele, na penye kelele majirani hufika kuamua. Liharibulo urafiki zaidi ni neno lililopaswa kusemwa likamezwa. Neno la namna hii halifi tumboni. Huota mizizi humo, na mwenyewe hudhani kwamba amesamehe kwa sababu tu amenyamaza. Watu huuita ukimya huo subira, na mara nyingine huuita adabu. Lakini jina lake halisi ni kinyongo.

Walikuwako walimu wawili waliofundisha pamoja kwa miaka sita katika shule moja mjini Mbeya. Mmoja alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, upande wa Tukuyu, ambako migomba huanzia mlangoni na mvua haina haja ya kungojewa. Wa pili alikuwa Mhehe wa kijiji kisicho mbali na Kalenga, Iringa. Walipanga nyumba moja, wakala chungu kimoja, wakaazimana mashati. Mhehe alimwita mwenzake Mzee wa Ndizi, naye akaitwa Mzee wa Ulanzi, ijapokuwa siku hizo hapakuwa na mzee kati yao. Mmoja akikosea, mwenziwe alimcheka mbele ya watu, na aliyechekwa alilipa kisasi chake kabla ya jua kutua. Wageni walidhani kwamba wanachukiana. Waliowajua walijua kwamba wangeweza kutukanana hivyo kwa sababu hapakuwa na hofu kati yao.

Baadaye Mhehe akahamishiwa Iringa. Barabara ya Makambako haikuwatenga. Walitembeleana wakati wa likizo, na watoto wao wakajuana. Ndipo baba yake Mnyakyusa akafa. Watu walikuja msibani kutoka Kyela, kutoka Mbeya na hata Dar es Salaam, lakini mtu wa Iringa hakuonekana. Siku mbili baada ya maziko ulifika ujumbe wake wa simu. Ulikuwa ujumbe wa Kiswahili kizuri, usio na kosa hata moja, nao ulianza kwa maneno, "Ndugu Mwalimu, pokea rambirambi zangu." Mfiwa aliusoma mara tatu. Kifo cha baba yake alikuwa ameanza kukizoea. Lakini "Ndugu Mwalimu" lilimchoma. Akajibu, "Asante sana, Ndugu Mwalimu," asiulize neno lolote.

Miaka tisa ikapita. Mtu wa nje asingaliona kasoro yoyote. Kila Mwaka Mpya na kila Pasaka salamu zilikwenda na kurudi, zenye heshima iliyozidi kila mwaka. Hawakugombana hata siku moja. Kadiri heshima ilivyoongezeka ndivyo kujuana kulivyopungua, wala hakuna aliyelitaja tena jina la Mzee wa Ndizi wala la Mzee wa Ulanzi. Kati ya marafiki, kicheko hufa kabla ya salamu. Salamu huweza kuendelea miaka mingi juu ya urafiki uliokwisha kufa, kama moshi unavyoendelea juu ya kuni zilizozimwa kwa maji.

Wazee wa Rungwe wangalishangaa kumwona mtu wa kwao akinyamaza hivyo. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa miongoni mwa Wanyakyusa wakijifunza maisha yao. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica akaendelea na kazi, na mwaka 1951 akatoa kitabu alichokiita *Good Company*, yaani usuhuba mwema. Alieleza humo utaratibu ambao hakuukuta kwa watu wengine. Mvulana wa miaka kama kumi aliiacha nyumba ya baba yake, akaenda kujenga kibanda pamoja na wavulana wa rika lake pembeni mwa kijiji. Walikula kwa mama zao kwa zamu, na walipooa walileta wake zao mahali pale pale. Hivyo kijiji kilikuwa kijiji cha marafiki, wala si cha ukoo, na mtu aliishi na hirimu zake mpaka uzeeni. Vijiji vya namna hiyo havipo tena kama walivyovikuta, lakini jambo waliloliita *ukwangala*, furaha ya kukaa na kuzungumza na wenzako, lilihesabiwa kuwa sehemu kubwa ya utu. Mtu aliyekula peke yake na kunyamaza peke yake alitiliwa shaka.

Watu walioishi karibu hivyo walijua pia hatari za ukaribu. Waliamini kwamba hasira ya majirani juu ya mkosaji humfikia kama pumzi ya baridi, ikamtia ugonjwa. Waliamini pia kwamba ibada ya jamaa haina faida ikiwa waliohudhuria wana hasira mioyoni. Kwa hiyo wenye kisa walitakiwa kukisema kwanza mbele ya wenzao, kwa maana hasira iliyosemwa hufungua njia ya mapatano, na iliyofichwa huleta madhara. Haifai kuusifu utaratibu huo kupita kiasi. Pumzi ya watu iliweza kumwonea mtu asiye na kosa, na mgonjwa aliweza kulaumiwa kwa ugonjwa wake. Hata hivyo shina la fikira hiyo ni la kweli. Mwaka 1986, huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall walitoa matokeo ya utafiti juu ya wanafunzi walioandika, siku nne mfululizo, mambo mazito yaliyowapata pamoja na uchungu wake. Katika miezi iliyofuata wanafunzi hao walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Lakini mzee wa Rungwe asingaliyastaajabia matokeo yale.

Wahehe nao walikuwa na mlango wao wa kutolea kinyongo, nao ni utani. Mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880 Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali, na damu nyingi ilimwagika pande zote mbili. Baada ya vita wangaliweza kurithishana chuki kizazi kwa kizazi. Badala yake wakawa watani. Mngoni aweza kumwambia Mhehe maneno ambayo ndugu yake hathubutu kuyasema, wala Mhehe haruhusiwi kukasirika, kwa kuwa kesho ni zamu yake. Mwaka 1940 mtaalamu Mwingereza Radcliffe-Brown aliandika kwamba uhusiano wa namna hii huunganisha mambo mawili, urafiki na uadui, na kwamba matusi yake ni ya mchezo. Neno hilo ni sawa, lakini halitoshi. Mtani hachezi tu. Kwa kuwa watu wamekubaliana kwamba anacheza, ndiye mtu pekee awezaye kusema kweli mahali ambapo kweli ingekuwa aibu kinywani mwa mwingine.

Mwaka wa tisa mama yake Mhehe akafa. Habari ilipomfikia, Mnyakyusa alikaa usiku kucha akijadiliana na nafsi yake. Nafsi ilimwambia atume rambirambi, kipimo kile kile alichopimiwa. Alfajiri alipanda basi Uyole. Hakwenda kwa sababu amesamehe. Alikwenda kwa sababu mama yule alikuwa amempikia, na maiti hana deni.

Huko Iringa aliwakuta watani wamekwisha kuwasili. Mzee mmoja wa Kingoni alikuwa amejifunga kanga ya marehemu, akitembea kwa kuchechemea kama alivyotembea yeye, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Jeneza lilipotaka kutoka, mzee yule akalala kizingitini akidai ushuru. Walipomtupia sarafu akainuka, akazunguka akitazama nyuso za watu, akasimama mbele ya mgeni. "Enyi watu," akasema, "mtazameni huyu! Ametoka kwenye matope ya Tukuyu kuja kumzika mama wa mtu ambaye hakuthubutu kwenda kumzika baba yake. Mhehe, lipa! Deni la msiba halilipwi kwa salamu za simu!"

Watu wakacheka. Wawili hawakucheka. Mzee yule aliambiwa habari hizo na mke wa mfiwa, ambaye kwa miaka tisa alimwona mumewe akiandika salamu za Mwaka Mpya, akizifuta, akiziandika tena. Mwanamke yule asingaliweza kuyasema maneno hayo mbele ya mumewe bila kuvunja heshima ya nyumba. Akayatia katika kinywa cha mtani, na hapo yakapita salama. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua, na siku ile kilio kiliwafichua wawili.

Usiku, watu walipopungua motoni, Mhehe alisogeza kigoda chake. Akasema kwamba siku zile za msiba wa Tukuyu mtoto wake mdogo alikuwa amelazwa hospitali, na kwamba fedha zote zilikuwa zimekwenda huko, hata nauli hakuwa nayo.

"Mbona hukuniambia?" akauliza mwenziwe. "Ningalikutumia nauli."

"Ndiyo sababu sikukuambia. Nije kumzika baba yako kwa nauli yako?"

Mnyakyusa akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nami sikukuuliza, kwa sababu niliogopa jibu. Nilidhani utasema kwamba ulikuwa na nafasi, ila hukutaka."

Wakati huo kijana mmoja alikuwa akipita na birika akiwamiminia wageni chai. Baba yake akamwonyesha kwa kidole. Huyo ndiye aliyekuwa mgonjwa. Mnyakyusa alikuwa amepokea kikombe mkononi mwake tangu mchana, asijue.

Basi hapo pana jambo la kuzingatiwa na kila anayejifunza elimu ya nafsi. Wawili hawa hawakutenganishwa na ubaya. Mmoja aliogopa kuaibika, mwingine aliogopa kujua, na kila hofu ikajivika nguo ya adabu. Kinyongo kingi ni swali ambalo mtu amelijibu mwenyewe akiwa peke yake, na mtu akijijibu peke yake huchagua jibu liumizalo. Palihitajiwa swali moja tu, nalo lilikawia miaka tisa.

Isidhaniwe kwamba yote yalirudi kama yalivyokuwa. Asubuhi ya tatu, kwenye kituo cha mabasi, Mhehe alimwambia mwenziwe, "Safiri salama, Mzee wa Ndizi." Mwenziwe akatabasamu, lakini jina lile lilikuwa kama koti la ujanani: ni lake, ila halikumkaa kama zamani. Miaka tisa haifidiwi kwa usiku mmoja. Watoto walikuwa wamekua bila kujuana, na wazazi wawili walikuwa kaburini. Mjini Iringa kuna jiwe kubwa juu ya kilima liitwalo Gangilonga, na maana yake kwa Kihehe ni jiwe linenalo. Basi lilipoondoka Mnyakyusa alilitazama jiwe lile mpaka likapotea, kisha akatoa simu akaandika, "Mzee wa Ulanzi, nimesahau kukuomba radhi." Hakuifuta.

Wenye kupendana hawalindwi na upole peke yake. Wazee wa Rungwe waliweka mahali pa kusema hasira, na wazee wa Iringa waliweka mtu wa kuitolea katika kicheko. Wote walijua kwamba karibu pasipo mlango wa maneno hugeuka kuwa mbali. Siku hizi marafiki wengi wanaishi miji mbalimbali, hawana kijiji cha rika wala mtani anayelala kizingitini. Wamebakiwa na salamu. Basi kila mmoja azitazame salamu zake, na akiona kwamba zimeanza kuwa nzuri kupita kiasi kwa mtu aliyekuwa akimcheka, asijisifu kwa adabu yake. Amwulize mwenziwe kuna nini, kabla watu hawajakutana msibani.