Korongo la Mke Mkubwa

Katika Bonde la Olduvai, au Oldupai kama wenyeji wanavyotaka liitwe, kila korongo lina jina lake, na wanaakiolojia wa dunia nzima huyaandika majina hayo kwa kifupi: FLK, MNK, na mengineyo. Hiyo K ni korongo, Kiswahili chetu hikihiki. FLK ni Frida Leakey Korongo, jina la mke wa kwanza wa mwanaakiolojia Louis Leakey. MNK ni Mary Nicol Korongo, jina la usichana la mke wa pili. Sasa sikia. Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa amelala kambini, anaumwa. Mary akatoka na mbwa wake kwenda kukagua ardhi, na huko akaliona fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa miaka takriban milioni 1.75, lililowapa yeye na mumewe umaarufu kila pembe ya dunia. Aliliona wapi? FLK. Kwenye korongo la mke mkubwa.

Nikiisimulia habari hii Leicester ninakoishi, watu hucheka, kisha huuliza kama imetengenezwa filamu. Nikiisimulia nyumbani Mkuyuni, Mwanza, kina mama hawacheki. Swali la kwanza: huyo Frida aliondoka kwa amani? La pili: ng'ombe walirudishwa?

Maswali hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike. Huku ugenini watu wanapenda sana hadithi za wawili wasiofanana, kila mmoja na kidonda chake, wanaochukiana mwanzoni na kupendana polepole mpaka ukurasa wa mia tatu. Rafu za maktaba zimejaa, na nyingi ajabu zinatokea kwenye uchimbaji wa mambo ya kale. Naelewa kwa nini. Kazi ile haina haraka: mtu anapiga magoti juani na kijiko cha mwashi, anakwangua udongo sentimita kwa sentimita, na aliye karibu naye hana pa kukimbilia. Hata Agatha Christie, mwandishi wa riwaya za upelelezi aliyeachwa na mumewe, alimpata wa pili, Max Mallowan, kwenye machimbo ya Ur kule Iraki. Alikuwa anakaribia miaka 40, kijana ana 25. Walioana Septemba 1930, mwaka uleule waliojuana, kwa hiyo upolepole hapo tusiutafute.

Turudi kwa Leakey, maana hawa ni wa kwetu zaidi.

Mary Nicol alizaliwa London mwaka 1913. Baba yake alikuwa mchoraji, akizunguka naye kusini mwa Ufaransa kutazama mapango yenye michoro ya kale. Mwaka 1926 baba akafariki, Mary ana miaka 13. Baada ya hapo shule hazikumweza. Mbili za masista zilimfukuza, mojawapo kwa sababu ya mlipuko aliousababisha kwenye somo la kemia. Cheti hakupata. Alibaki na mkono wa kuchora na ukimya, akawa anajitolea kwenye machimbo na kuwachorea watu wengine zana za mawe kwenye vitabu vyao.

Louis alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamisionari, akapitia jando na rika lake la Kikuyu, na hadi utu uzima alisema anaota kwa Kikikuyu. Alipopelekwa Uingereza akiwa na miaka 16 alijikuta mgeni kwao. Akiwa Cambridge mwaka 1923 alipigwa teke la kichwa kwenye raga, na maumivu yakamsumbua hata akaamriwa aachane na vitabu kwa muda. Alitumiaje likizo hiyo? Alikwenda Tendaguru, Lindi, kuchimba mifupa ya dinosaria. Alikuwa mtu wa maneno mengi na haraka nyingi. Louis akiona mfupa ataita waandishi wa habari. Mary akiuona ataita brashi.

Walikalishwa pamoja kwenye chakula mwaka 1933 na Gertrude Caton-Thompson, mwanaakiolojia ambaye Mary alikuwa akimchorea. Louis alikuwa anatafuta mchoraji wa kitabu chake. Alikuwa pia na mke, mtoto wa kike, na wa pili njiani. Sitawapamba: alimwacha Frida na mtoto mchanga, na Cambridge ikamfungia mlango. Kisha mwaka 1935 likaja pigo jingine, kutoka ziwani kwetu. Louis alikuwa ametangaza kwamba Kanam na Kanjera, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, amepata mabaki ya binadamu wa kale kuliko wote waliojulikana. Mtaalamu wa miamba, Percy Boswell, akaja kuhakiki. Louis hakuweza kumwonyesha mahali penyewe, kwa sababu vigingi vya chuma alivyochomeka kama alama vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji kutengenezea zana za kuvulia samaki. Mimi mtoto wa ziwani sishangai hata kidogo. Nani atakiacha chuma kizuri kimesimama bure mchangani? Boswell aliandika yote hayo kwenye jarida la *Nature*, na jina la Louis likaanguka.

Kwa hiyo mwaka huohuo Mary alipofika Tanganyika, baada ya mama yake kumpeleka Afrika Kusini akitumaini atamsahau mume wa mtu, alimkuta mwanaume asiye na nyumba, hana kazi, na heshima yake imebaki kidogo. Wakaenda Olduvai. Maji yakawaishia, wakanywa ya dimbwi walimogaagaa vifaru, na kuanzia hapo chai, supu na kila kitu kikawa na ladha ya mkojo wa kifaru. Wakaenda Kondoa kutazama michoro ya mapangoni. Walifunga ndoa Uingereza, mjini Ware, tarehe 24 Desemba 1936.

Sasa, mwanamke wa Leicester akisikia hadithi hii anaielewa papo hapo, kwa sababu huku kupendana ni kazi ya wawili, na kwenda taratibu ni haki yao. Wanatoka pamoja mwaka mzima. Wanapanga chumba, wananunua kochi, wanafuga mbwa, pengine wanazaa, na harusi wanaifikiria baadaye. Katika miezi ya mwanzo kila mmoja anamwanikia mwenzake madonda yake: wazazi walioachana, mpenzi wa zamani, dawa anazomeza ili alale. Hakuna aibu. Huu ndio mji uliomchimbua mfalme Richard wa Tatu chini ya maegesho ya magari mwaka 2012, na wanasayansi wakayahesabu majeraha yake hadharani: 11 kwenye mifupa, tisa kati ya hayo kichwani. Ukoo hauulizwi. Mama mkwe anatambulishwa wakati mtu ameshahamia na mabegi yake.

Mkuyuni ni kinyume chake. Kabla hao wawili hawajala milo miwili pamoja, mashangazi wameshapiga simu Kwimba, Magu na Sengerema. Ukoo ule una kifafa? Mama yake binti aliachika kwa nini? Babu yao alikufa kifo gani, na jirani yake alisema nini siku ya msiba? Uchunguzi wote unafanywa na watu wengine, kwa kasi, na hauandikwi popote. Zamani Usukumani kulikuwa na jambo la kasi zaidi, chagulaga: vijana wanamzingira binti njiani akitoka ngomani au mnadani, wanamwambia achague, palepale, hakuna kesho. Mila hiyo leo inalaaniwa, na inastahili. Kisha mshenga, posa, ng'ombe, sendofu, kamati ya harusi na kadi ya mchango ambayo hata mimi niliye Leicester siwezi kuikwepa.

Rafiki zangu wa huku wakisikia hayo hunionea huruma: na mapenzi je, yanaingia wapi? Yanaingia baada ya ng'ombe kuhesabiwa. Huku ugenini upolepole unatangulia ndoa, kwetu unaifuata. Ni hilo tu, na watu wengi wa pande zote mbili hawalioni.

Bibi yangu aliwahi kurudishwa kwao kutoka ndoa ya kwanza, na ng'ombe wakarudishwa pia, jambo ambalo kijiji kizima kililiona likipita barabarani. Babu alikuwa mjane, mcheza ngoma, mdomo hauna breki. Wazee ndio waliowaweka pamoja, na mapenzi hayakuwemo kwenye makubaliano. Kilichokuwepo ni pamba. Baada ya kuvuna walikaa kwenye mkeka, huyu huku na huyu kule, wakichambua: pamba safi upande mmoja, fifi, yaani ile chafu, upande mwingine, maana kwenye mzani wa chama cha msingi fifi moja ikionekana juu ya gunia inaweza kukushushia bei ya gunia zima. Babu alikuwa anapiga hadithi na kupitiwa. Bibi ananyoosha mkono kimya, anaichukua ile fifi kutoka lundo la mumewe, anaitupa panapostahili. Miaka ikaenda hivyo. Shangazi anasema uzeeni babu alikuwa anaitia fifi kwenye safi makusudi, ili ule mkono uje.

Ndiyo maana nasema Leakey hawa wanafanana na wazee wangu kuliko na wapenzi wa riwaya. Kuchukuana kwao kulikuwa haraka, na kulimwacha Frida na watoto wawili. Polepole ilikuja baadaye, kwenye kazi. Kuanzia 1935 mpaka fuvu la 1959 ni miaka 24 ya kwenda na kurudi Olduvai, wakiokota zana za mawe kwa maelfu huku mwenye zana haonekani.

Mwaka wa katikati ninaoupenda ni 1948, na ni mwaka wa ziwa letu. Oktoba ile, katika kisiwa cha Rusinga, Mary aliona jino kwenye mteremko, na likawa uso wa kiumbe aliyeitwa wakati huo Proconsul, nyani mkubwa wa kale wa miaka kama milioni 18. Spishi hiyo leo imebeba jina la Heslon Mukiri, msaidizi wao mkuu wa Kikenya. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1984, Mary ameandika mwenyewe kwamba usiku ule yeye na Louis walisherehekea kwa kutafuta mtoto. Philip akazaliwa 1949. Jaribu kumfikiria mama wa Mkuyuni akiyaandika hayo kitabuni na kulitia jina lake juu!

Mwaka uleule wa 1948 kikatoka kijitabu kuhusu vyungu vya kale vilivyopatikana Urewe, Siaya. Waandishi ni watatu: Mary, Arkidiakoni Owen aliyekuwa ameshafariki, na Louis. Mary ndiye wa kwanza. Mume aliyezoea kusimama mbele ya kamera amekuwa wa mwisho. Vyungu hivyo vina midomo iliyochongwa pembe, mistari iliyokatizana mabegani, na chini kabisa, kitakoni, kishimo kidogo kilichobonyezwa kwa kidole udongo ukiwa bado mbichi. Hakuna aliyeeleza vizuri kishimo kile ni cha nini. Ni kazi ya wafinyanzi wa mwanzo wa enzi ya chuma, na eneo lao linazunguka ziwa: Siaya, Uganda, Kagera, na upande wetu. Robert Soper na Golden walichapisha utafiti wao wa mambo ya kale ya Mkoa wa Mwanza mwaka 1969, na bado ni kazi ambayo mtu wa Nyamagana akiitaka ataipata kwa urahisi zaidi Leicester kuliko Nyegezi. Hilo linaniudhi. Buhongwa na Mkolani kila siku kuna msingi unachimbwa. Fundi akikuta kigae anakitupa nje na kifusi. Akikuta kitu cha chuma, uvumi unaanza kwamba pale kuna mali ya Mjerumani, na usiku wanakuja watu na sururu. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Aliyeisoma mtaani kwetu sijamwona.

Na mwisho wao? Akiolojia iliyowakutanisha ndiyo iliyowatenganisha. Katika miaka ya 1960 Louis aliingia kwenye uchimbaji wa Calico, California, akiamini amepata zana za binadamu wa kale mno Marekani. Mary aliviangalia vile vijiwe akaona ni vijiwe. Kwake, mwanaume anayetangaza asichokiona hakuweza tena kuheshimiwa, na ameandika kwamba Calico ilichangia sana wao kuachana njia. Kulikuwa pia na safari za Louis na wanawake wengine. Mary akahamia Olduvai, akaishi huko na mbwa wake na sigara zake kubwa, na baada ya kifo cha mumewe akasimamia uchimbaji wa nyayo za Laetoli. Hawakupeana talaka.

Louis alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru karibu na wazazi wake. Mwaka ulipita familia haijaweka jiwe. Mwanaye Richard alipokwenda hatimaye kuliweka, alikuta la mtu mwingine limeshasimama: limewekwa na mwanamke aliyewahi kuwa katibu wa Louis na mpenzi wake, na chini yake kachonga herufi chache za siri alizokuwa akiziandika kwenye barua zake kwa Louis. Richard akaliacha palepale.

Hapo watu wa Leicester hufuta machozi. Kwetu mwanamke wa namna hiyo asingengoja mwaka. Angekuja msibani siku ya kwanza, angekaa nyuma na wapishi, angeosha sufuria mpaka usiku, na kwenye daftari la rambirambi angeandikwa "rafiki wa marehemu, elfu kumi." Na shangazi anayeshika daftari, kabla hajafunika kalamu, angemuuliza yeye ni wa ukoo gani.