Niliuza Wazazi, Nikabakiza Chotara

Kosa ni langu. Niliuza wazazi, nikabakiza watoto wasioweza kuzaa, na kabla sijajua hilo nilikuwa nimeshawauzia watu watatu watoto haohao kama mbegu.

Nafuga bata Kibaha. Bata wetu wa siku zote, yule mwenye nyama nyekundu usoni na asiyepiga kelele, ni Muscovy, na asili yake ni Amerika ya Kusini. Nyama yake inapendwa: kidari kipana, mafuta kidogo chini ya ngozi. Ila anachelewa kukua, na jike ni kama nusu ya dume. Pekin, yule mweupe mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, anakua upesi, lakini ukimweka kikaangoni mafuta yanamtoka mpaka unayapunguza kwa kijiko. Nikapandisha dume wa Muscovy kwa majike sita wa Pekin.

Kati ya mayai 60 niliyoweka kwenye mashine, yaliyototoa ni 17. Hapo nilipaswa kuuliza. Tena hayakutotoa siku ya 28 kama ya Pekin, wala ya 35 kama ya Muscovy, bali siku ya 32. Niliandika daftarini, basi.

Nilichokuwa nakitazama ni nyama. Wiki ya 10 nilichinja wawili. Nilipopasua kidari, utando wa mafuta ulikuwa mwembamba, na nyama chini yake nyekundu, imeshikana, haikuchuruza maji kwenye ubao. Mpishi wa hoteli mmoja alionja akaniambia, "Kaka, hawa niletee 40 kila mwezi," akanipa na malipo ya awali.

Nikawaza kama tulivyozoea kwa kuku: ukipata chotara mzuri, mpandishe kwa mwenzake. Nikauza wazazi wote ili kupunguza gharama ya chakula. Jozi tatu za chotara wakachukua watu niliowafahamu. Nikabaki na tisa, madume wawili na majike saba.

Mayai yalipoanza kutoka yalikuwa madogo. Usiku wa siku ya nane kwenye mashine nilizima taa, nikaweka yai la kwanza juu ya tochi ya simu. Yai lenye uhai wakati huo lina doa jeusi na mishipa iliyotawanyika kama mizizi. Hili lilikuwa na mwanga mtupu. La pili vilevile. Nilipomaliza la 31 nilikaa juu ya ndoo, na ndipo nilipomkumbuka nyumbu, mtoto wa punda na farasi, ambaye tangu shule ya msingi najua hazai.

Wote tunawaita bata, na jina hilo moja ndilo lililonipoteza. Pekin ametokana na bata mwitu wa Ulaya na Asia. Muscovy ni wa jenasi nyingine kabisa. Wanaweza kupata mtoto mwenye afya, lakini kromosomu alizorithi kwa baba na kwa mama hazipatani zinapotakiwa kujipanga kutengeneza mbegu za uzazi. Ufaransa na Taiwan wanamfuga chotara huyu kwa wingi, na kila kundi wanalipata upya kwa wazazi halisi, mara nyingi kwa uhimilishaji, kwa sababu kupandana kwenyewe hakufaulu vizuri. Yale mayai 43 yasiyototoa yalikuwa yakiniambia hivyo. Na hata kama wangezaa, nyama ile isingebaki vile: wajukuu wangetawanyika, huyu na mafuta ya bibi, yule na uchelewaji wa babu.

Nilipoteza miezi minane na oda ya hoteli. Malipo ya awali niliyarudisha. Dume wa Muscovy nilimfuata kwa mama niliyemuuzia, alishachinjwa Krismasi.

Wale watatu ndio wanaoniuma. Niliwaambia ni mbegu, nami sikuwa nimeona hata yai moja lenye uhai. Wawili niliwafuata nyumbani, nikawaeleza, nikawarudishia pesa. Mmoja wao alikuwa ameshamgombeza mkewe kwamba anaharibu mayai; nikaomba aitwe, nikamweleza mwenyewe. Wa tatu alihamia Kilombero na simu yake haipatikani. Shilingi 70,000 zake ninazo kwenye bahasha.