Umesomea Kuku?

Kila chumba cha habari kina utani wake. Wa kwetu ni mimi. Simu ikiingia kuhusu mbwa aliyeng'ata mtu Mbagala au tembo walioingia shamba la mtu, sauti inatoka meza ya jirani: "Mpeni msomi wa kuku!" Watu wanacheka, mimi nachukua kalamu natoka. Nimezoea.

Shahada yangu ni ya sayansi ya wanyama, niliisomea Morogoro. Uandishi nimejifunzia kazini. Lakini sehemu ya masomo yale iliyonikaa kichwani mpaka leo ni ile ya tabia na ustawi wa wanyama, na leo naomba niizungumzie. Kuna sababu ya kifamilia, nitaifikia. Pia nimechoka kuulizwa swali lile lile kwenye daladala, msibani na hata kwa kinyozi: hivi huko mlikuwa mnasoma nini hasa? Mnawauliza wanyama maswali?

Ndiyo. Tunawauliza maswali.

Wengi wanachanganya fani hii na udaktari wa mifugo. Daktari anataka kujua ng'ombe anaumwa nini. Mtu wa uzalishaji anataka kujua atatoa lita ngapi. Mtu wa tabia yeye anavuta kigoda, anakaa, anatazama. Anataka kujua kwa nini mnyama anafanya vile, na kama hali aliyowekwa inamfaa mnyama mwenyewe. Niko Tinbergen, Mholanzi aliyekuwa akifundisha Oxford, aliligawa hilo "kwa nini" mara nne katika makala yake ya 1963: nini kimeichochea tabia hiyo sasa hivi, ilikuaje tangu mnyama akiwa mdogo, inamsaidia nini kuishi na kuzaa, na imetoka wapi katika ukoo wake wa miaka mamilioni. Mwaka 1973 yeye pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch walipewa Nobel. Nobel kabisa, kwa kutazama ndege, samaki na nyuki!

Chukua jogoo wa jirani anayekuamsha saa 10 alfajiri. Ukiulizwa utasema anawika kwa sababu kunakucha. Watafiti wa Japani waliwafungia majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika, na mwaka 2013 wakaonyesha kwamba bado waliwika kwa wakati wao, maana saa iko ndani ya mwili. Mwaka 2015 wakaongeza jambo lililonifurahisha zaidi: jogoo mwenye cheo cha juu ndiye huanza, wengine hufuata kwa kushuka vyeo. Kama mkutano wa chama tu.

Mwaka wa mwisho mimi nilikaa na kuku wa mayai. Makundi mawili, moja kwenye vizimba vya waya, jingine sakafuni juu ya maranda. Kwanza unaandika ethogramu, yaani orodha ya kila tabia na maelezo ya namna inavyoonekana, bila kubahatisha kilicho moyoni mwa mnyama. Huruhusiwi kuandika "kuku ana huzuni". Unaandika "amesimama, shingo ndani, macho yamefumba". Baada ya hapo, kila dakika 5 unawapitia kwa macho mmoja mmoja, unatia alama. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana, wiki baada ya wiki. Wenzangu walikuwa wanapita kwenda kunywa chai wananiuliza kama kuku wamekwishanijibu.

Siku moja wakajibu. Mmoja wa kwenye vizimba alilala ubavu, akatikisa mbawa, akaanza kukwaruza kwa miguu na kusugua kichwa chini. Alikuwa anaoga vumbi. Vumbi lenyewe halikuwepo. Chini yake ulikuwa waya, na chini ya waya hewa. Jambo hili limeandikwa vitabuni zamani na nilikuwa nimelijibia mtihani: kuku huoga vumbi kupunguza mafuta yaliyozidi kwenye manyoya, na hamu hiyo haiondoki hata ukimwondolea vumbi. Kulijibia mtihani ni rahisi. Kukaa hatua mbili kutoka kwake ukimwona anajimwagia kitu ambacho hakipo, halafu wenzake wawili wanaamka na kufanya vile vile, ni habari nyingine. Na neno "maskini" halimo kwenye ethogramu. Nilitia alama tatu.

Fani yenyewe ilianzia kwenye mabanda ya namna hiyo. Mwaka 1964 mama mmoja Mwingereza, Ruth Harrison, ambaye hakuwa mwanasayansi, alitoa kitabu kiitwacho Animal Machines kuhusu mifugo iliyobanwa ndani maisha yake yote. Kelele zilikuwa kubwa hadi serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Brambell. Ripoti ya 1965 ilisema mnyama angalau aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Ukiona hayo ni madogo, jiulize mangapi kati ya hayo yalikuwa yanakosekana.

Kamati hiyo hiyo, kwa huruma yake yote, ilishauri pia kwamba waya mwembamba wenye matundu ya pembe sita usitumiwe kuwa sakafu ya vizimba. Kwa macho ya binadamu ulionekana unaumiza miguu. Mwaka 1973 watafiti wawili, Hughes na Black, wakafanya kitu ambacho kamati haikufanya: waliwapa kuku sakafu mbalimbali wachague. Kuku wakaupendelea ule ule waya mwembamba! Kumbe uliupa mguu sehemu nyingi za kukanyaga.

Kama ningeulizwa nichague jambo moja la kumfundisha mtu kutoka miaka ile, ningechagua hilo la waya. Watu wenye nia njema kabisa, tena wenye elimu, walikisia na wakakosea, kwa sababu walitumia miguu yao wenyewe kufikiri. Sisemi jaribio la kuchagua linamaliza kila kitu. Ukinipa nichague kati ya mawe mawili ya kulalia nitachagua moja, na haina maana nimepata kitanda. Ndiyo maana Marian Dawkins wa Oxford ameendelea kusisitiza kuuliza mawili kwa pamoja: mnyama ana afya? Na anapata anachokitaka? Kazi za namna hiyo zilichangia Umoja wa Ulaya kupiga marufuku vizimba vitupu vya kuku wa mayai kuanzia 2012.

Hapa kwetu jina linalotajwa ni Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 na kufariki 2025. Kinachosahaulika ni kwamba alifika bila shahada yoyote, akapokelewa Cambridge 1962 kusomea udaktari wa falsafa moja kwa moja, na huko akaambiwa alikosea kuwapa sokwe majina badala ya namba. Hakuyafuta. Mimi kuku wangu niliwapa namba, lakini nakiri namba 17 nilikuwa nikimsalimia.

Sasa sababu ya kifamilia. Mdogo wangu, binti wa baba mdogo, kamaliza kidato cha sita na masomo ya fizikia, kemia na baiolojia, na amefaulu vizuri. Nyumba nzima inasubiri daktari wa watu. Yeye kasema anataka wanyama, tena hataki kutibu wala kufuga, anataka kusoma tabia zao. Baba mdogo akanipigia: "Wewe ndiye uliyempotosha, wewe ndiye utakayemrudisha." Dirisha la maombi ya vyuo linakaribia kufungwa.

Baba mdogo si mjinga. Ameuza ng'ombe wake kusomesha watoto na anajua bei ya kila kitu. Aliponiuliza ajira ziko wapi sikumdanganya: tangazo la kazi linalosema "anahitajika msomi wa tabia za wanyama" sijawahi kuliona gazetini kwetu, na matangazo nayapitia kila siku. Zipo taasisi za utafiti wa wanyamapori, yapo mashirika ya punda na mbwa, yapo mashamba makubwa ya kuku. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na sheria inahitaji watu wa kuisimamia. Anayetaka kubobea, Edinburgh wana shahada ya uzamili ya fani hii tangu 1990. Lakini ada ya Edinburgh siyo ng'ombe wawili.

Nilichomweleza baba mdogo kwa kirefu ni kuhusu mnada mmoja nje kidogo ya mji, ambao nilitumwa kuandika habari za bei. Nilisimama kwenye njia ya kupandishia ng'ombe malorini nikawa nahesabu wanaoteleza. Kati ya ng'ombe 40, walioteleza walikuwa 11. Temple Grandin, profesa wa Marekani aliyebuni njia za kuwapitisha ng'ombe machinjioni bila vurugu, anahesabu hivyo hivyo, na kwa kipimo chake wakianguka zaidi ya 1 kati ya 100 machinjio yamefeli. Ng'ombe wangu waliteleza tu, wengi hawakuanguka, lakini kila aliyeteleza alipigwa fimbo, na aliyepigwa fimbo alimsukuma wa mbele. Ubao ulikuwa umelowa. Hauna vipingili vya kushikia kwato. Nyama iliyovilia damu mchinjaji anaikata anaitupa. Mhariri alinibakizia sentensi mbili za habari ile, lakini baba mdogo alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza: "Vipingili vya mbao? Hivyo tu?"

Binti mwenyewe sikumhubiria. Nilimwambia aende kwa bibi Kilosa, akae siku nzima na kuku wa bibi, ana daftari na saa, kila dakika 5 atie alama, na asiandike neno lolote la huzuni wala furaha. Akichoka kabla ya adhuhuri basi akasomee watu, na hakuna atakayemlaumu.

Jana saa 1 usiku aliniletea ujumbe. "Kaka, mtetea mweusi wa bibi ameenda mlangoni mara 14 na kurudi, na mlango ulikuwa wazi siku nzima. Wenzake wote walitoka. Kesho nataka nianze mapema zaidi. Bibi anasema ana wazimu, lakini hilo siruhusiwi kuliandika, sivyo?"