Barua kutoka Barabara ya 405

Los Angeles, California
Septemba

Mpwa wangu mpendwa,

Habari ya gari uliyoniandikia nimeifurahia sana. Kilichonikaa moyoni ni yale maneno ya mwisho: kwamba tangu uanze kuendesha mwenyewe kutoka Kimara hadi Posta unafika ofisini umenuna, jioni unarudi umenuna zaidi, na mkeo amekwambia waziwazi kuwa mtu anayeingia mlangoni usiku siye aliyemuoa. Unaniuliza kama huku nako watu wanagombana barabarani, au ni sisi tu tusio na subira. Nakujibu kwa urefu, kwa sababu nimeona jinsi jambo hili linavyowala watu wazuri.

Wanagombana, tena vibaya kuliko sisi. Asubuhi hutoka Van Nuys pamoja na mama yako mdogo, ambaye wewe unamkumbuka kwa upole wake, tukapanda mlima wa Sepulveda kwa barabara ya 405 kuelekea Westwood anakofanya kazi. Upande mmoja tu una njia tano, pengine sita, na zote zimejaa. Wingi wa magari hautakushangaza, maana huo umeuzoea Ubungo. Kitakachokushangaza ni ukimya. Honi husikika kwa nadra. Hakuna anayepita katikati ya magari akiuza maji na korosho, hakuna konda aliyening'inia mlangoni. Vioo vimepandishwa, na karibu kila gari lina mtu mmoja anayetazama mbele.

Foleni ilipoanza kufunguka asubuhi moja, gari dogo lilituchomekea bila indiketa. Mama yako mdogo hakupiga honi wala hakutukana. Alikaza mikono kwenye usukani, akalisogelea lile gari mpaka nikaona vumbi la kioo chake cha nyuma, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwake: "Ngoja, huyu lazima ajue." Tulikwenda hivyo mpaka yule mtu akatoka barabarani. Hakugeuka hata mara moja. Nadhani hakujua kabisa kwamba alikuwa anafundishwa adabu.

Maneno hayo, "lazima ajue", yamechunguzwa na msomi wa papa hapa. Jack Katz ni mwanasosholojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, ambacho kiko kando ya 405 yenyewe. Yeye na wanafunzi wake waliwahoji madereva wa mji huu, na mwaka 1999 akatoa kitabu, How Emotions Work, ambacho sura yake moja inahusu hasira za barabarani. Hoja yake imenifungua macho. Anasema mtu akishika usukani, mwili wake unatanuka mpaka kwenye bampa. Gari linakuwa ngozi yake. Akichomekewa, haoni kwamba chombo kimepita mbele ya chombo, bali anahisi amekatwa yeye. Hapo hapo anajikuta hana sauti. Aliyemkosea amempa mgongo wa bati na taa mbili nyekundu. Hawezi kumwambia neno likasikika, wala hawezi kuona kama yule amejuta. Kwa hiyo anatafuta njia yoyote ya kumfikishia ujumbe, ama taa kubwa, ama kidole, ama kumfuata. Si lazima awe anataka kumuumiza mtu. Anataka mwenzake ajue.

Linganisha na Kariakoo siku ya Jumamosi. Unakanyagwa, unapigwa kikumbo, mkokoteni unakugusa kisigino. Kila mara kuna uso na kuna "samahani", nawe unajibu na kusahau kabla hujafika duka la pili. Msongamano pale ni mkubwa kuliko wa barabara yoyote, na ungekuwa ndio chanzo cha hasira, Kariakoo ingekuwa uwanja wa vita. Ndiyo maana siamini kwamba foleni yenyewe ndiyo inayotuharibu. Tunaharibiwa na kuondolewa uso na sauti tukiwa ndani ya foleni.

Watu wa hapa walishaliona hilo zamani. Mwaka 1950 kampuni ya Disney ilitoa katuni fupi, Motor Mania, ya bwana mmoja mpole anayekwepa asimkanyage hata sisimizi, ambaye akiingia tu ndani ya gari anageuka kuwa zimwi. Watoto walicheka. Mwaka 1987, majira ya joto, watu hawakucheka tena: kulitokea mfululizo wa risasi kwenye barabara kuu za kusini mwa California, madereva kwa madereva, na wengine wakafa. Na Mei 2021, si mbali na hapa, katika kaunti ya Orange, mama mmoja alikuwa anampeleka mwanawe shule ya chekechea kwa barabara ya 55. Gari likawachomekea, mama akaonyesha kwa kidole kuwa amechukia, na mtu aliyekuwa ndani ya gari lile akafyatua risasi. Ilimpata mtoto aliyekaa kiti cha nyuma. Alikuwa na miaka 6. Mwaka 2024 mpigaji alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi maisha. Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria kile kiti cha mtoto ulichoniandikia kwamba umekifunga nyuma ya gari lako, na hapo ndipo nilipoamua kukuandikia barua ndefu badala ya ujumbe wa simu.

Sasa tupige hesabu ndogo ambayo hakuna aliyenifundisha nilipopata leseni. Njia moja ya barabara kuu inayotembea vizuri hupitisha magari kama 2,000 kwa saa. Igawanye saa hiyo: ni kiasi cha sekunde 2 kwa gari. Huyo aliyekuchomekea amekuchelewesha kwa sekunde 2. Wakikuchomekea kumi, ni theluthi ya dakika. Najua wanaotanua pembeni Kimara hawaishii kumi tu, na najua inavyouma kuwaona wakipita huku wewe umetulia kwenye mstari wako kwa haki. Maumivu hayo ni ya haki iliyovunjwa, nayaheshimu. Lakini muda haumo. Ukimfukuza mtu ili kurudisha muda, unadai kitu ambacho hakukichukua.

Kuna jambo jingine linalonihuzunisha zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1968, watafiti wawili, Anthony Doob na Alan Gross, walisimamisha magari kwenye taa za miji ya Palo Alto na Menlo Park, kaskazini mwa jimbo hili. Taa ikiwaka kijani, gari halikuondoka. Likiwa kuukuu, zaidi ya madereva 8 kati ya 10 waliokuwa nyuma walipiga honi. Likiwa jipya la kifahari, ni kiasi cha nusu tu. Hasira, basi, inajua kuchagua. Inampigia kelele mwenye bajaji na kumnyamazia mwenye gari kubwa lenye vioo vyeusi. Mtu anayesema "nilipandwa na hasira, sikujijua" alijijua kiasi cha kutazama kwanza ni gari la nani. Hilo linaumiza kulisikia, ila ndani yake mna tumaini: kinachoweza kuchagua kinaweza pia kuzuiwa.

Usitegemee barabara mpya ikuponye. Hapa kwenye 405 walitumia zaidi ya dola bilioni 1 kuongeza njia kupanda Sepulveda, kazi ikakamilika 2014, na foleni ikarudi kama kawaida yake, maana nafasi mpya iliwavuta wale ambao zamani walikuwa wanakwepa. Nyumbani barabara za juu za Tazara na Ubungo nazifurahia, zilihitajika. Lakini mtu aliyenuna chini ya daraja atanuna juu yake vilevile.

Na huko kununa hakubaki barabarani. Raymond Novaco, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California cha Irvine, pamoja na wenzake, walianza miaka ya 1970 kuwachunguza watu wanaosafiri kila siku kwenda kazini, wakakuta kuwa vizuizi vya njiani humfuata mtu hadi nyumbani kwake jioni. Nimekuandikia hili ili umwonyeshe mkeo. Anachokiona si uchawi wala mapenzi kupungua.

Unataka kujua la kufanya. Mwanasaikolojia Jerry Deffenbacher wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado aliwafundisha madereva wenye hasira kali kulegeza misuli na kupumua polepole, huku wakilijenga kichwani tukio linalowaudhi, mpaka mwili ukazoea kutulia mbele ya tukio hilo. Hasira zao zilipungua. Angalia kwamba zoezi hili lilifanyika mtu akiwa ameketi ndani, hana foleni mbele yake. Nawe lifanye kitandani kabla ya kulala: mwone yule wa kutanua akija, legeza mabega, toa pumzi taratibu. Asubuhi ondoka mapema kuliko lazima, kwa sababu mwenye muda wa ziada hana cha kunyang'anywa.

La kwangu mimi ni moja, na nalitilia mkazo kwa sababu nyumbani bado tunacho kitu ambacho hapa kimekufa. Daladala ikitaka kuingia mbele yako, konda anatoa mkono, anakutazama machoni, anaomba. Ukimpa njia, anakupungia. Bodaboda akikugusa saitimira ananyanyua kiganja. Mwenye lori anakuwashia hazadi kukushukuru. Tunayadharau haya tukiita fujo, na mimi naona ni uungwana ulioshikilia barabara zetu zisimwage damu zaidi. Omba njia kwa mkono, usiingize pua ya gari tu. Ukipewa, shukuru kwa namna itakayoonekana. Ukikosea, nyanyua kiganja ili mwenzako aone kuwa umekubali, maana huyo naye anataka tu ujue.

Sikwambii uzime kiyoyozi. Utafiti wa mwaka 1986 huko Phoenix, Arizona, ulionyesha kuwa joto likizidi watu hupiga honi zaidi, hasa walioacha vioo wazi. Kaa kwenye ubaridi wako, ila ukifika pa kuomba au kushukuru, teremsha kioo. Na ile tinti nyeusi unayopanga kuweka, nakusihi uache. Dereva mwenzako akikosa kukuona, atakuhukumu kwa bati.

Mama yako mdogo nilimsomea sehemu ya barua hii. Alinyamaza, kisha akasema kwamba katika miaka yote aliyoendesha hapa hajawahi kuuona uso wa hata mmoja kati ya watu waliomkasirisha. Tangu siku hiyo, anayechomekea anampa jina la nyumbani. "Haya pita, Baba Asha," anasema, na kuachia mguu kidogo kwenye mafuta. Nimeiona mikono yake ikilegea.

Mnyanyue mtoto kwa niaba yangu, na mama yako mwambie dawa alizoagiza nimezipata. Barua yako ijayo unieleze kama ile tinti umeiacha, na mkeo aongeze mistari yake mwenyewe chini, aandike unavyorudi jioni. Ushahidi wake ndio nitakaouamini.

Mjomba wako