Napenda Kulenga Shabaha, Lakini Bunduki Sitaki

Kwa wale wamekuja juzi, wacha niwarudishe nyuma kidogo. Mwezi wa tatu niliibiwa simu na kompyuta hapa Nairobi, saa moja jioni, na majamaa wawili wa pikipiki. Mmoja alishuka na kisu, mwingine hakuzima hata injini. Stori yote iliisha kwa kama sekunde kumi. Usiku huo niliposti video nikilia, na asubuhi inboksi ilikuwa imejaa. Nusu ya meseji zilikuwa za pole. Nusu nyingine zilikuwa na ushauri mmoja tu: tafuta bunduki.

Si mzaha. Watu walinitumia hadi orodha ya makaratasi yanayotakiwa. Msee mmoja tuliyesoma naye, ambaye ana leseni, akaniambia, "Usibishane na mimi. Kuja reinji siku moja, ujaribu, halafu uamue."

Nikaenda. Na shida yangu ni kwamba nilipenda. Nilipenda sana.

Ndiyo maana imenichukua miezi kuandika hii kitu.

Mimi si mtoto wa Nairobi. Nimelelewa Rumuruti, Laikipia, kwa ile barabara inatoka Nyahururu ikielekea Maralal. Kama hujawahi kufika, ni mji mdogo wa vumbi, ng'ombe, na upepo wa jioni unaopasua midomo. Likizo ikifika hakukuwa na mall wala kitu. Kulikuwa na feya.

Feya ni manati, kwa wale wa mtaani mlikosa utoto. Unatafuta tawi lenye panda nzuri, unakata mpira kutoka kwa tyubu mzee ya baiskeli, halafu unaiba ulimi wa kiatu kikuukuu cha mtu ndio upate kangozi ka kushika jiwe. Guka ndiye alinitengenezea yangu ya kwanza nikiwa na miaka minane. Shosho alinuna wiki mzima. Kwake feya ilikuwa ya vijana, na msichana alipaswa kuwa jikoni akichambua maharagwe. Guka alimjibu tu kwamba macho hayana kijana wala msichana.

Shabaha yetu ilikuwa ndongu, yale matunda ya manjano ya kichaka cha miiba ambayo hata mbuzi huyapita. Unayapanga juu ya nguzo ya boma, unahesabu hatua ishirini, unapumua, unaachilia. Ukikosa, unaenda kutafuta jiwe lingine. Ukiyamaliza, unahamia kwa mkebe wa Kimbo. Ndege hatukuruhusiwa kupiga. Guka alikuwa ameona enzi ya uwindaji na akauona ukipigwa marufuku 1977, na alikuwa na sheria moja ya nyumbani: hulengi kitu ambacho huna haja nacho. Na kila mara kabla niachilie, angesema, "Jiwe likishatoka mkononi si lako tena."

Kwa hivyo hiyo raha ya kulenga naijua. Dunia yote inakuwa ndogo, inakuwa tunda moja la manjano, na mawazo yako yote yananyamaza. Sijawahi kuipata kwa kitu kingine.

Lakini kwetu hakukuwa na feya tu.

Anko yangu alikuwa askari wa akiba, wale tuliowaita KPR. Kama umekulia Kaskazini unawajua. Ni wanakijiji waliopewa bunduki na serikali walinde mifugo na watu, kwa sababu kituo cha polisi kiko mbali na wezi wa ng'ombe hawangojei gari lije. Wengi walikuwa wa kujitolea, bila mshahara. Anko alikuwa na G3. Mchana alitembea nayo begani kama mtu ametoka shambani na jembe. Usiku ililala chini ya kitanda, imefungwa na shuka.

Nikiwa na miaka kumi na mbili, mdogo wangu, aliyekuwa na saba, aliingia hiyo chumba kutafuta mpira wake. Mimi nilikuwa nje nikilenga ndongu zangu. Nilisikia mlio ambao mpaka leo sijui kuueleza. Si kama sinema. Ulikuwa kama mtu amepiga mabati yote ya nyumba na nyundo moja kubwa, halafu kimya, halafu mama.

Mdogo wangu alikuwa amekaa chini, ameziba masikio, mzima. Anko alikuwa ametoa magazini, lakini risasi moja ilikuwa imebaki ndani. Ilipita juu ya kichwa cha mtoto ikatoka kwa paa. Kile kishimo hakikuwahi kuzibwa. Saa sita mchana mwanga huingia pale, unakaa sakafuni kama shilingi. Anko alilia mbele yetu, mwanaume mzima. Alikuwa mtu makini. Siku hiyo moja alikuwa amerudi kutoka doria ya usiku mbili, amechoka.

Sasa, hapo ndipo ningemalizia kama ningetaka stori safi: bunduki ni mbaya, kwaheri. Lakini sitawadanganya.

Mwaka wa 2019 serikali ilinyang'anya askari wa akiba bunduki zao. Anko akairudisha. Hakulalamika, nadhani sehemu yake ilifurahi. Wiki chache baadaye, usiku, walikuja wakachukua ng'ombe kumi na moja kwa boma letu. Anko alikuwa na rungu na tochi. Alilala kwa mtaro mpaka asubuhi, akiwasikia wakipita. Hizo ng'ombe ndizo zilikuwa karo yangu ya chuo. Kwa hivyo mtu akiniambia bunduki haina kazi yoyote, namuuliza kama amewahi kulala kwa mtaro. Na najua pia kilichotokea Westgate, Septemba 2013. Kati ya watu wa kwanza kuingia kuokoa wengine kulikuwa na raia wenye bunduki zao za leseni. Hiyo ni historia, siwezi kuifuta ndio hoja yangu ikae poa.

Turudi reinji. Kabla nishike chochote, mkufunzi alinikalisha dakika arobaini. Kila bunduki ichukulie ina risasi, hata kama umeiangalia. Usiielekeze mahali hutaki kuharibu. Kidole nje ya kifyatulio mpaka macho yako yawe kwa shabaha. Jua kilicho nyuma ya shabaha. Nikasikia ile ya kwanza na koo ikanikauka. Nilikuwa nimeona maana yake kwa paa letu kabla sijaisikia kwa mdomo wa mtu.

Halafu akanipa bunduki ndogo ya .22. Nikaegemea, nikapumua vile guka alinifunza, nikaachilia. Katikati. Ya pili, katikati. Mkufunzi akauliza nimefunzwa wapi. Nikamwambia, kwa ndongu.

Mnamkumbuka yule mzee wa Uturuki, Yusuf Dikeç, aliyevuma Paris 2024? Mkono mfukoni, miwani ya kawaida, akaondoka na fedha. Watu walimfanya meme, lakini ile bastola yake haikuwa hata na baruti. Ni ya hewa. Kwa Olimpiki, ile bunduki ya hewa ya mita kumi, alama ya kumi katikati ya shabaha ina upana wa nusu milimita. Nukta ya kalamu! Huo ni mchezo wa pumzi na mapigo ya moyo. Mwili wa kutisha hauhitajiki, wala hasira.

Na hapa ndipo naona tunachanganya vitu. Kulenga shabaha ni mchezo. Kulinda boma ni kazi. Kutembea na bastola kiunoni ukienda kununua chips ni kitu cha tatu kabisa. Wale wanaonitumia video za miji midogo ya Marekani, baba na watoto wakipiga vibao vya chuma Jumapili, wanataka nikubali vyote vitatu kwa pamoja kwa sababu nilipenda kimoja.

Kule kwao kumiliki silaha kumeandikwa kwa katiba tangu 1791. Hapa kwetu haiko hivyo. Sheria ya bunduki, Sura ya 114, inasema huwezi kuwa nayo bila cheti, na lazima uonyeshe sababu nzuri. Cheti chenyewe kinaisha, unakifanya upya, na kinaweza kuchukuliwa. Ni ruhusa, si haki. Na hata hiyo ruhusa tumeona ikichezewa. Desemba 2018 wenye leseni wote waliamriwa waende wakaguliwe upya, kwa sababu kulikuwa na vyeti feki mtaani.

Nimesoma ile sura ya haki kwa Katiba yetu ya 2010. Kuna haki ya kuishi, kifungu cha 26. Kuna usalama wa mtu, cha 29. Mahali nilipoona silaha zikitajwa ni kifungu cha 37, kile sisi wote tulikariri Juni 2024: una haki ya kukusanyika na kuandamana, kwa amani na bila silaha. Bila silaha. Wale tulikuwa barabarani tunajua hayo maneno mawili yalikuwa na uzito gani. Yalikuwa ndiyo kinga yetu pekee ya kusema sisi si maadui wa mtu.

Sasa mimi na majamaa wa pikipiki. Nimeirudia hiyo jioni kichwani mara mia. Walitoka nyuma. Mikono yangu ilikuwa na simu na mfuko wa sukuma. Ningekuwa na bastola, sioni venye ningeitoa kwa hizo sekunde kumi. Naona venye wangeenda nayo. Leo ingekuwa kwa shingo ya msichana mwingine, na ingekuwa imesajiliwa kwa jina langu.

Na hata kama singeibiwa, ingelala wapi? Naishi chumba kimoja na dada yangu na mtoto wake wa miaka minne, yule anafungua kila droo. Kasanduku ka chuma ningenunua, sawa. Lakini anko pia alikuwa makini. Inatosha kuchoka siku moja.

Ninachotaka ni hiki. Tupatie miji midogo klabu za kulenga, na bunduki za hewa zinazobaki zimefungiwa klabuni chini ya mkufunzi. Kuna watoto Rumuruti, Maralal na Kinamba wenye macho ambayo Nairobi haijawahi kuona, na bunduki wanayoijua ni ile ya kuua tu. Waonyeshwe ile nukta ya nusu milimita. Na wale wa kulinda maboma walipwe, wafunzwe, wapumzishwe, ili asiwepo mtu anayerudi doria amechoka na risasi moja imebaki ndani.

Yule msee wa reinji bado ananiuliza kama nimejaza fomu. Sijajaza, na sitajaza. Nitarudi kulenga pale mara moja moja, nikiwa na hela, na nikimaliza nitairudisha mezani niende nyumbani na mat kama kawaida.

Desemba naenda nyumbani. Mdogo wangu ana miaka kumi na tisa sasa, na ananiambia siwezi kumshinda kwa feya. Nimemwambia apange ndongu. Tutalenga nje, upande ule mwingine wa boma, kwa sababu akisikia mlio karibu na ile chumba bado anaziba masikio.