Ufa wa Pipa la Maji

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba za Jebel, pembezoni mwa mji wa Juba, onyo hilo limehamia kwenye chombo ambacho wahenga hawakukijua, nacho ni pipa la plastiki linalohifadhi maji ya kunywa ya jamaa nzima.

Jebel ni mtaa ulioenea chini ya mlima Kujur, upande wa magharibi wa mji. Jina lenyewe ni la Kiarabu, lenye maana ya mlima, na neno hilo ndilo lililoingia katika Kiswahili kwa umbo la jabali. Mwamba huo ni riziki ya wengi: akina mama huketi juani wakiponda mawe kwa nyundo, wapate kokoto za kuwauzia wajenzi. Maji, kwa upande wake, huja kwa lori kutoka upande wa mto Nile, na nyumba nyingi huyanunua kwa pipa. Basi pipa la lita mia mbili na zaidi husimama mlangoni kama askari wa zamu, na kando yake madumu ya lita 20, ambayo wengine huyaita jerikeni.

Wanajeshi wanalo deni la historia kwa chombo hicho. Dumu la kwanza la umbo hilo lilibuniwa Ujerumani mwaka 1937, likiwa la chuma, kwa ajili ya kuchukulia mafuta ya magari ya jeshi. Lilipewa vishikio vitatu juu yake ili askari mmoja aweze kushika mawili matupu kwa mkono mmoja, na askari wawili waweze kusaidiana kubeba lililojaa. Waingereza walipoliona katika Vita Kuu ya Pili walilistahi, wakaliiga, na jina walilolipa lilitokana na lile la utani walilowaita Wajerumani. Baada ya vita plastiki ilichukua nafasi ya chuma, na chombo cha vita kikawa chombo cha jikoni. Kwa familia inayolazimika kuhama usiku, kama zilivyohama nyingi Desemba 2013 kukimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa iliyo hapo hapo Jebel, dumu ni kitu kisichoachwa nyuma.

Hata hivyo plastiki ina adui wake, naye ni jua. Miale yake huikausha mwaka hadi mwaka, hata ikapauka na kuwa ngumu kama ganda la yai. Siku moja pipa hugongwa kidogo tu na ndoo, na ufa ukatokea. Mke wa askari aliyeko kituo cha mbali huliona tone la kwanza mchangani, naye hupiga hesabu papo hapo: pipa jipya ni bei gani, mshahara utafika lini, na maji yaliyomo yatatosha siku ngapi. Mshahara una siku zake, lakini kiu haina siku. Anayepoteza nusu ya maji yake usiku hushawishika asubuhi kuchota popote, na hapo ndipo maradhi huingia nyumbani. Kipindupindu kilitangazwa Juba mwezi Mei 2014, na mwaka 2024 kikatangazwa tena nchini. Kwa hiyo ufa wa pipa ni jambo la afya kabla ya kuwa jambo la fedha.

Wengi huziba kwa sabuni, au kwa kisu kilichotiwa motoni, au kwa kuwasha mfuko wa plastiki na kuudondosha juu ya ufa. Dawa hizo hazidumu. Moto wa mwali huunguza plastiki kabla haijayeyuka vema, na masizi huingia kati, hivyo kinachoonekana kuwa kiraka ni ukoko uliokaa juu. Plastiki haiungani kwa kupakwa. Huungana pale pande zote mbili zinapolainika kwa wakati mmoja, zikakandamizwa, kisha zikapoa pamoja.

Ndiyo sababu mafundi hutumia kifaa cha kupulizia hewa moto. Kwa umbo hufanana na bastola: ndani yake feni ndogo huvuta hewa na kuipitisha kwenye waya uliopashwa moto kwa umeme, kisha hewa hiyo hutoka kwenye mdomo mwembamba bila mwali wala moshi. Plastiki ya madumu mengi, iitwayo poliethilini, huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za sentigredi, lakini hewa inayotoka mdomoni huhitaji kufika kama nyuzi 300, kwa kuwa joto jingi hupotea njiani.

Kazi njema huanza kwa kuijua plastiki yenyewe. Tangu mwaka 1988 viwanda vingi vimezoea kupiga chapa ya pembetatu yenye namba chini ya chombo. Namba 2 na 4 ni poliethilini, 5 ni polipropilini, na 3 ni PVC, ile ya mabomba. Kila aina huchomelewa kwa ufito wa aina yake, na ufito huo waweza kukatwa kutoka kwenye dumu bovu la namba ile ile. Pasipo na chapa, kipande kidogo hutiwa katika beseni la maji: poliethilini na polipropilini huelea, PVC huzama. Ili kutofautisha hizo mbili zinazoelea, fundi huchomelea ncha ya ufito mahali padogo, huiacha ipoe, kisha huivuta. Ikibanduka, ufito si wa aina hiyo.

Baada ya hapo pipa huoshwa na kukaushwa kabisa. Kila mwisho wa ufa hutobolewa tundu dogo, maana bila tundu hilo ufa utaendelea kutambaa. Kingo hukwaruzwa hadi plastiki iliyopaushwa na jua iondoke, kisha huchongwa mfereji mwembamba wa kupokea ufito. Mkono mmoja hukandamiza ufito mferejini, na mwingine huyumbisha mdomo wa kifaa huku na huku, hewa ikigusa ufito na pipa kwa zamu. Dalili ya kutazamwa ni mng’ao: pande zote mbili ziking’aa kama zilizolowa, ndipo mkono husogea. Ikitokea rangi ya hudhurungi au moshi, joto limezidi. Mwenye haraka humwagia maji ili ipoe upesi, na mshono wake hupasuka; mwenye subira huiacha ipoe yenyewe, kisha hujaza pipa na kulilaza usiku mmoja kabla ya kuliamini.

Kifaa hiki kinataka umeme wa kutosha, aghalabu wati 1,500 hadi 2,000. Jenereta ndogo ya kubebwa kwa mkono haikiwezi, na kuilazimisha ni kuiua. Tangu Novemba 2019 mtandao wa umeme umeenea katika sehemu za Juba, ingawa si nyumba zote zimeunganishwa. Majirani kadhaa waweza basi kukusanya mapipa yao na kumwita fundi siku moja.

Kuna mambo ambayo askari na mkewe wanapaswa kuyashika kama amri. Dumu lililowahi kuwa na petroli lisiguswe kwa joto hata kama limeoshwa, kwa sababu mvuke uliojificha waweza kulipuka. Pipa lililoleta kemikali za viwandani lisiwekewe maji ya kunywa, liwe zima au lililozibwa. PVC ikiungua hutoa gesi kali inayochoma mapafu, kwa hiyo kazi ifanywe nje, penye upepo. Nao watoto wakae mbali, kwani mdomo wa kifaa hubaki moto dakika nyingi baada ya kuzimwa.

Hewa moto hiyo hiyo huumba pia. Bomba la PVC lililojazwa mchanga mkavu na kupashwa taratibu hupindwa bila kukunjamana, na mdomo wake ukilainishwa hupanuliwa ukapokea bomba jingine. Hivyo maji ya mvua ya paa hufikishwa pipani kwa vipande vilivyokuwa vimetupwa.

Afrika Mashariki imekwisha kuona mambo makubwa zaidi ya plastiki na joto. Huko Lamu, mwaka 2018, mafundi wa majahazi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya, kama tani 10, na mwaka 2019 likasafiri kwa tanga hadi Unguja. Waliochonga mbao maisha yao yote walijifunza tabia ya kitu kipya, wakakitumia kwa adabu ile ile waliyoutumia mti.

Yafaa kukiri kwamba si kila pipa hupona. Lile ambalo jua limelila hata likavunjika kwa kubonyezwa kidole halishiki mshono. Ufa mpya utatokea kando ya ule wa kale. La namna hiyo likatwe liwe kitalu cha mboga. Lakini mapipa mengi hufa kabla ya siku zao kwa kukosa kivuli. Kipande cha turubai juu ya pipa, au kulihamishia upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri, ni kazi ambayo askari aweza kuifanya siku moja ya likizo yake, naye akirudi kituoni ameiachia jamaa yake maji yasiyopungua usiku.