Nilikwenda Misisi

Huku kwetu Baraka ukimwuliza kijana aendako, mara nyingi atakujibu: "Misisi." Miaka mingi nililisikia jina hilo, lakini sikupata kufika. Kiangazi kilichopita dada yangu alinijia akilia: "Kaka, mtoto ameacha shule, amefuata dhahabu. Nenda ukamtazame." Basi, alfajiri nikapanda pikipiki.

Njia hupita Fizi, katika milima ya Wabembe, ile ambayo mwaka 1965 ilikuwa maficho ya wapiganaji wa Simba pamoja na Che Guevara. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Nilifika jioni, mwekundu kwa vumbi.

Nilidhani nitakuta kijiji, kumbe ni mji! Nyumba za bati zimebanana na vibanda vya turubai. Jenereta zanguruma, muziki walia, na wanunuzi wa dhahabu wamekaa na mizani midogo kama ya kuchezea. Watu wametoka Uvira, Bukavu na Kalemie. Nikasema moyoni: Kweli, hapa kuna maendeleo.

Kesho yake nikauona upande wa pili. Vijana walishuka mashimoni na taa kichwani, wakapanda na mifuko ya mawe. Kina mama waliyatwanga mpaka yakawa unga. Unga ule huoshwa kwa maji juu ya ubao, kisha hutiwa zebaki ili ishike chembe za dhahabu. Zebaki ikichomwa, dhahabu hubaki. Lakini moshi wake ni sumu ya mapafu na ya ubongo. Nilimwona mama mmoja akiichoma, mtoto yu mgongoni.

Mpwa wangu nilimkuta kando ya shimo. Ana miaka 16. Sheria ya migodi ya mwaka 2002 humtaka mchimbaji wa mkono awe mtu mzima mwenye kadi; yeye hana umri wala kadi. Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Akanitangulia: "Mjomba, shule ilinifukuza kwa ajili ya karo. Shimo halimfukuzi mtu."

Nikanyamaza. Maana dada aliponiomba nimsaidie karo ile, mimi ndiye niliyemjibu: "Ngoja kwanza."

Akanipa kikaratasi kilichokunjwa, zawadi ya mama yake: dhahabu iliyombakia baada ya kulipa deni la chakula kwa mwenye shimo, ambaye wao humwita PDG. Nikaipimisha kwa mnunuzi. Thamani yake haikufikia nauli yangu ya kurudi.

Nilirudi peke yangu. Aliniahidi kwamba atakuja masomo yakianza, na karo nimekwisha kuilipa. Ndugu msomaji, ukisikia mtoto wa ndugu yako amefukuzwa shule, usiseme "ngoja". Shimo halingoji.